Mahali na Mahari

Sisi tuliozaliwa kando ya ziwa upande wa Majita, L na R hatukuwahi kuzitenganisha vizuri. Mtu anakwambia alikura samaki akarara, nawe unaelewa wala hucheki, maana hata wewe jana ulisema hivyo hivyo. Shuleni mwalimu alitupanga mstari na kututaka tuseme lala, lima, lipa, na waliokosea walibaki kufagia uwanja. Niliufagia sana uwanja ule. Niliacha shule kabla ya kufika darasa la saba, nikaondoka na ulimi wangu kama ulivyokuwa.

Mwanza nilifika mwanzoni mwa miaka ya tisini. Kabla ya hapo nilikuwa nimechimba dhahabu kidogo Geita, nimevua kidogo Ukerewe, nimesukuma mkokoteni kidogo Musoma. Kila nilipohama, watu waliniuliza nimegombana na nani. Sikuwa nimegombana na mtu. Nilitaka tu kuona kuna nini mbele. Na Mwanza ya miaka ile ilikuwa na mengi ya kuona. Maduka niliyoyakumbuka yakiwa na rafu tupu yalikuwa yamejaa sabuni za rangi zote, mitumba ilimwagwa chini kando ya barabara, na huko Nyakato viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vinachukua vibarua kila asubuhi. Nikapata kazi ya kupakua samaki. Baada ya kulala kwa watu kwa muda, nikapata na chumba, kimoja kati ya vyumba vilivyozunguka ua wa mama mmoja wa Kisukuma, mjane, mwenye sauti iliyofika kila mlango bila yeye kuinuka.

Nilifurahi. Sikuwahi kuwa na mlango wa kwangu. Kulikuwa na mtu wa kijijini kwetu, utingo wa lori la dagaa, aliyekuwa anaelekea nyumbani, nikamwambia, "Ukifika, mwambie mama nimepata mahali."

"Nitamwambia," akasema, akapanda juu ya magunia.

Nimelifikiria sana lile neno. Kama ningeongeza moja tu, mahali pazuri, mahali pa kukaa, ile P ingemlinda mama yangu. Hakuna mahari pazuri duniani. Lakini nilisema mahali, nikanyamaza, na utingo alikuwa mtu wa kwetu, mwenye ulimi kama wangu. Alifika akasema, "Mwanao anasema amepata mahari."

Mama alikuwa mjane, na mimi ndiye mwanawe pekee aliyebaki hai. Wenzangu wa rika langu walikuwa na watoto wanaochunga mbuzi. Kwa hiyo mama hakuuliza mara mbili. Alimwendea baba mkubwa, na baba mkubwa akawaita wazee, wakakaa. Mama alisimama kanisani siku ya Sabato akatoa shukrani, na wanawake wakapiga vigelegele. Shamba la mihogo akampa mtoto wa shemeji yake alilime, maana hakujua maandalizi ya mjini yangemweka muda gani. Kisha akapanda basi.

Nilimkuta jioni nikitoka kazini. Alikuwa amekaa kwenye mkeka uani, miguu ameinyoosha, jogoo amefungwa pembeni yake. Mama mwenye nyumba alinipokea getini.

"Mjita, una mgeni. Anasema amekuja kwenye ndoa yako. Mbona sisi hukutualika?"

Nilimsalimia mama, shikamoo, akaitikia, akanishika mikono yote miwili ingawa ilinuka samaki. Tulipoingia chumbani alifungua mzigo wake. Kulikuwa na makopa ya muhogo, karanga, na chini kabisa, kimefungwa ndani ya khanga kuukuu, kitenge kipya ambacho hakijawahi kuguswa na maji.

"Hiki ni cha kwake," alisema kwa Kijita. "Yuko wapi?"

"Nani, mama?"

"Mwenzako."

Nilimweleza. Nilisema nilimaanisha chumba. Aliangalia kuta, akaangalia kitanda changu cha kamba, akaangalia dirisha lililotazamana na jiwe kubwa kuliko nyumba.

"Chumba," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Basi si kibaya." Akakikunja kile kitenge taratibu, akakirudisha chini ya mzigo.

Nilidhani atakaa kidogo kisha arudi. Nilipoligusia jambo hilo aliniuliza, "Nirudi nikawaambie nini? Kwamba vigelegele vyao nimewarudishia?" Ningeweza kwenda naye, nikasimama mbele ya baba mkubwa na wale wazee na kusema kosa ni la ulimi wangu. Ilikuwa safari ya basi tu. Nilijiambia nitaomba ruhusa kazini, na sikuomba.

Mjini mama alianza na salamu. Alipokwenda bombani aliweka ndoo chini kwa kila mtu aliyekutana naye, akamsalimia, akauliza habari za nyumbani kwao. Watu walimpita. Wengine walidhani anaomba kitu. Alirudi amechelewa, maji yamebaki nusu, akaniuliza kama watu wa huku wamefiwa. Hakuzoea kununua mchicha. Aliushika mkononi akaugeuza kama kitu cha wizi. Alianika makopa juu ya jiwe nyuma ya nyumba, mbuzi wa watu wakayala. Kiswahili chake kilikuwa kile cha kwenye Biblia, akizungumza na muuza nyanya unadhani anamhubiria. Na Jumamosi nilipovaa buti za kiwandani alinitazama mpaka nilipotoka, halafu akaenda peke yake kuwatafuta wanaosali siku ile.

Mimi nilikuwa na shida yangu. Pale uani nilikuwa mgeni bado. Wanaume walicheza drafti Jumapili chini ya kibaraza, na nilipokaribia walisogea kidogo kwa sababu ya harufu. Mmoja wao, fundi baiskeli, aliwahi kusema, "Mjita, wewe kaa upande upepo unakoelekea." Siku moja aliniuliza, kwa nia nzuri tu, mama yangu alikuja kufanya nini. Nikamsimulia.

Walicheka. Fundi baiskeli aliacha kete zake. Walinisogezea benchi. Nikaisimulia tena kwa waliochelewa, safari hii vizuri zaidi, nikasimama na kuonyesha mama anavyoshuka kwenye basi na jogoo kwapani na kitenge cha mkwe ndani ya mzigo. Mtu akanipa soda. Kuanzia siku ile nilikuwa mtu wa ua ule, na hakuna aliyesogea tena nilipokaa.

Hata sasa ninapoandika najua kwamba naisimulia tena.

Mzaha ukaota miguu. Mtu akitafuta chumba, wanasema anatafuta mahari. Mpangaji akifukuzwa, wanasema mahari imerudishwa. Mama alikuwa anafua mbele yao. Aliniuliza, "Wanacheka nini hawa?" Nikamwambia ni watani, Wasukuma wanapenda utani. Alikubali. Alianza hata kutabasamu walipocheka, kwa heshima, kama mtu anayesikiliza hadithi ya wenyeji.

Lakini Kiswahili kilikuwa kinamwingia; kila jioni aliniuliza maana ya maneno aliyoyasikia bombani. Siku moja asubuhi, nikiwa zamu ya mchana, nilimsindikiza bombani kumbebea ndoo ya pili. Alikuja msichana mgeni kuuliza kama kuna chumba kinachopangishwa. Mwanamke mmoja kwenye foleni akasema, "Mwenzenu huyu anatafuta mahari. Mama wa Mjita, kile kitenge bado kipo? Si umpe?"

Foleni ikacheka. Mama naye alianza kutabasamu kama kawaida yake. Kisha uso ukasimama. Neno mahari angeweza kuwa amelisikia popote. Kitenge hakuwa amemwonyesha mtu yeyote isipokuwa mimi.

Alisubiri zamu yake. Alijaza ndoo mpaka juu, akajitwika, tukarudi. Nyumbani alikaa akaanza kuchambua dagaa, anatoa mchanga na vijiti.

"Habari za kitenge wamezitoa wapi?"

"Niliwaambia mimi, mama."

"Ulisema nilikujaje?"

"Nilisema ulivyokuja."

"Wakacheka."

"Walicheka."

"Na wewe?"

Nilitazama dagaa. Aliendelea kuchambua. Aliweka safi upande mmoja, taka upande mwingine.

"Utachelewa kazini," alisema.

Laiti angenitukana. Kwa siku kadhaa alinipikia, alinifulia, aliniuliza kama nimeshiba. Uani alisalimia kila mtu kwa jina la mtoto wake, kama kawaida. Kitu kimoja tu kilibadilika. Hakuniuliza tena maana ya neno lolote.

Wakati ule mtu mmoja kiwandani alikuwa anazungumzia upande wa Sengerema, ng'ambo ya ghuba, kambi moja walikokuwa wanaunda mitumbwi mikubwa ya injini. Niliuliza mbao zinapindwaje, misumari gani, wanaziba na nini. Hamu yangu ilikuwa ya kweli, siwezi kusema vinginevyo. Lakini najua pia kwamba kama mama angekuwa ananitukana nisingevuka ghuba ile. Nilimwambia nitarudi mwezi ukiisha.

"Nenda, baba," alisema. "Wewe umeumbwa na miguu."

Mwezi uliisha, na mwingine, na mingine mingi. Nilijifunza kuziba mitumbwi kwa pamba, nikajifunza kuwasha injini zilizogoma. Nilituma samaki waliokaushwa kwa watu waliopanda kivuko. Neno sikutuma. Nilikuwa naogopa maneno.

Niliporudi, mlango wangu ulifunguliwa na mtu nisiyemjua, amevaa taulo. Mama mwenye nyumba alitoka kwake, safari hii aliinuka.

"Mama yako alihama," alisema. "Mwenyewe, mzigo kichwani. Nilimwambia abaki, nikamwambia na kodi asiharakishe. Akasema hapa wanamjua mno."

Nilikaa kwenye benchi la drafti. Hapakuwa na mtu.

"Sisi tulikuwa tunatania," alisema.

"Najua, mama."

"Na wewe ndiye uliyeanza."

"Najua."

Alinielekeza alikosikia kuwa amehamia: ng'ambo ya viwanda, nyumba zinakotawanyika na mashamba yanakoanza. Nilizunguka huko asubuhi nzima nikiuliza mama wa Kijita, mrefu, amejifunga khanga kuukuu. Hawakumjua. Ni ajabu kumtafuta mama yako kwa wageni na kuona huna la kumweleza zaidi ya urefu na nguo. Mwishowe mwendesha baiskeli mmoja akauliza, "Siyo Bibi Sabato? Anayewauzia viazi wafanyakazi wa kiwandani, Jumamosi haonekani?"

Alikuwa ameinama kwenye matuta ya viazi vitamu kati ya mawe mawili, nyuma ya kinyumba cha udongo. Aliponiona aliinuka, akajipangusa mikono. Hakukimbia wala hakununa. Alinitolea kigoda. Akaleta maji kwenye kata, nikanywa, kisha akaleta mengine ya kunawa, akanimiminia mwenyewe. Nyumbani kwetu mtoto hamiminiwi maji. Anayemiminiwa ni mgeni.

Sikuwa nimemaliza kunawa alipofika jirani yake, mama wa Kisukuma aliyebeba ungo.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila," mama akaitikia salamu ile ya Kisukuma, na ilimtoka vizuri, kama mwenyeji.

"Na huyu ni nani?"

"Mwanangu."

Yule mama akaweka ungo chini. "Kumbe una mwana mkubwa hivi. Tangu umekuja hukuwahi kusema." Akanigeukia. "Baba, mama yako huyu mambo yake hasemi. Tunalima wote, tunauza wote, mpaka leo sijui alifikaje huku. Ulimleta wewe?"

Mama alikuwa ameshika kata. Hakunitazama mimi. Alitazama maji.

Hadithi ilikuwepo. Niliisikia ikipanda kooni, basi, jogoo, na yote, na yule mama alikuwa na uso wa mtu anayependa kucheka. Angecheka kwa wema. Ningesogezewa benchi huku pia.

"Hapana," nilisema. "Alikuja mwenyewe. Mimi nilikuwa nazunguka."

"Alikuja mwenyewe," yule mama akarudia.

"Nilichoka na mihogo," mama akasema.

"Ndiyo maana viazi umeviwahi kuliko sisi." Wakaanza kuzungumzia mbegu, na fuko aliyekula tuta la mwisho, na mimi nikakaa kwenye kigoda nikisikiliza. Mama alizungumza Kiswahili cha sokoni, na neno la Kisukuma hapa na pale. Kuna mengine sikuyaelewa.

Jirani alipoondoka nilidhani sasa tutasema. Nilikuwa nimepanga kuanza mimi. Lakini mama alikuwa tayari ameingia ndani, nikasikia anafunua chungu cha unga.

"Unaondoka lini?" aliuliza kutoka humo ndani. Hakukuwa na hasira ndani ya swali hilo. Alitaka kujua apike kiasi gani.

"Sijui bado, mama."

Kijiko kikagonga ukingo wa chungu.

"Basi kachukue jembe," alisema, "umalizie lile tuta wakati nasonga."