Safu ya Penseli

Mtu aliyetaka kumkasirisha Mama Faili hakuwa na haja ya kumtukana. Ilitosha kuweka kikombe cha chai juu ya jalada. Angekitazama kile kikombe, akutazame wewe, kisha atoe kitambaa mfukoni na kuifuta meza nzima, hata upande ambao hukuugusa, na siku hiyo ungekula chakula chako nje ukumbini, kwenye benchi la wagonjwa. Nilifanya naye kazi miaka kumi na tisa katika chumba cha kumbukumbu za hospitali, mimi dirishani, yeye ndani kwenye rafu, na nimekula kwenye benchi lile mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Wanawake wa umri wake waliitwa kwa majina ya watoto wao. Yeye hakujaliwa mtoto, basi mfamasia mmoja mwenye mdomo mchafu akamwita Mama Faili, na yeye, badala ya kukasirika, akalichukua lile jina kama mtu anayeokota sarafu iliyodondoka. Alisema mafaili yake hayakuwahi kumkosea adabu. Kila asubuhi alifungua chumba, akapangusa vumbi, akanusa hewa kujua kama panya wamepita, ndipo akaniruhusu nifungue dirisha.

Mwalimu alikuja mwezi wa nne. Namwita Mwalimu kwa sababu ndiyo kazi yake, anafundisha watoto wa darasa la kwanza, na hata mikono yake ilikuwa na chaki. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Alisimama dirishani akasema anatafuta kitabu cha wodi ya wazazi cha mwaka aliozaliwa.

"Mama yangu alifia hapa siku aliyotuzaa," alisema. "Tulikuwa wawili. Bibi alinichukua mimi tu."

Mama Faili alitoka kwenye rafu kusikiliza.

"Kwa nini mmoja?" aliuliza. Yeye hakuwa mtu wa kuzunguka.

"Bibi mwenyewe alikuwa ananyonyesha, mama. Matiti mawili, watoto watatu. Kitanda cha pili kulikuwa na mwanamke ambaye mtoto wake hakuishi. Yule akamchukua mwenzangu. Bibi hajui kusoma, lakini alimwona nesi akiandika jina la yule mwanamke na mahali anapokaa. Sasa bibi amepoteza kumbukumbu. Jina langu anasahau, ila kila asubuhi nikimwekea chakula ananiuliza, na yule mwingine amekula?"

Nilitaka kuinuka nikamletee kile kitabu. Kilikuwa hatua nane kutoka nilipoketi. Lakini wiki ileile mkuu wetu alikuwa ametoa agizo kwamba rejista zote za zamani zinakwenda kuingizwa kwenye kompyuta na chumba kitageuzwa maabara, na kuanzia siku hiyo hakuna kupekua kitabu kwa ajili ya mtu yeyote mpaka kazi iishe. Mama Faili hakuwahi kuvunja agizo maishani mwake.

"Kama nesi aliandika, ipo," alimwambia. "Hapa hakipotei kitu, mwanangu. Rudi mwezi wa tisa. Itakuwa kwenye kompyuta, utapata kwa dakika moja."

Mwalimu alishukuru. Alishukuru mara mbili, nakumbuka, na akaenda zake.

Skana ililetwa na fundi wa kompyuta wa hospitali, mwanaume mnene mwenye haraka ya kudumu. Ilikuwa ile ya kioo cha kulala na kifuniko cha kufunua. Alifungua ukurasa wa mipangilio akatuonyesha: rangi, kijivu, nyeusi na nyeupe. Alisema rangi inakula nafasi, kijivu kinakula nusu yake, nyeusi na nyeupe haili kitu.

"Haya ni maandishi tu, dada zangu, si picha za harusi," alisema. Akachagua nyeusi na nyeupe, akaweka nukta mia mbili kwa inchi, akaondoka. Hakuna aliyemuuliza kijivu ni cha nini. Kuuliza si ujinga, tunawaambia watoto, halafu sisi wenyewe tukiona mtu ana haraka tunafunga midomo.

Kurasa za kwanza zilitoka chafu. Karatasi ilikuwa imegeuka kahawia kwa miaka, na mashine iliona kila doa kuwa wino: kutu ya pini, alama za vidole, chai ya manesi waliokwisha kuzeeka. Mama Faili aliteseka. Kisha akagundua chini ya ule ukurasa wa mipangilio kitufe kinachoteleza juu ya mstari. Ukikisogeza kulia, madoa hafifu yanahesabiwa kuwa weupe. Alikisogeza kidogo, akatazama, akakisogeza tena, mpaka ukurasa ukatoka mweupe pe, na wino umesimama juu yake mweusi tii.

"Njoo uone, mdogo wangu," aliniita. "Kumetakata."

Nilikwenda nikaona. Hapa nitasema jambo ambalo sijalisema mbele yake hadi leo. Kitabu kilikuwa bado juu ya kioo, kifuniko kimefunuliwa, na kwenye safu ya mwisho ya ukurasa niliona mistari ya kijivu, maandishi membamba. Kwenye kompyuta safu ile ilikuwa tupu. Niliona yote mawili. Ilikuwa karibu saa saba mchana, nilikuwa na njaa, na yeye alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona usoni mwake. Nikasema, "Kumetakata, dada."

Aliingiza vitabu mia mbili na kumi na kimoja kwa kitufe kile, pale kilipo. Alimaliza wiki mbili kabla ya muda. Lori lilikuja likabeba rejista kupeleka kiwanda cha karatasi, na mkuu akampa barua ya pongezi, ambayo aliitia kwenye mfuko wa plastiki isishike vumbi.

Mwezi wa tisa, siku ya kwanza ya kazi, Mwalimu alirudi. Alikuwa na daftari jipya na kalamu. Mama Faili alimkaribisha ndani kabisa, jambo lisiloruhusiwa, akampa kiti chake, akaandika jina la marehemu mama. Kweli haikufika dakika moja. Mstari ulitokea: jina la mama, saa ya kujifungua, mapacha wa kike, uzito wa kwanza, uzito wa pili, mama amefariki. Safu ya mwisho ilikuwa nyeupe. Kulikuwa na vitone vitano tu vyeusi, vidogo, katikati ya weupe ule.

"Jina liko wapi?" Mwalimu aliuliza.

Mama Faili alikuza ukurasa. Alikuza tena. Vitone vikawa vijisanduku.

"Penseli," alisema mwishowe, na sauti haikuwa yake.

Manesi wa zamani walikuwa na utaratibu wao. Lililokwisha thibitika waliliandika kwa wino. Lile ambalo lingeweza kubadilika waliliandika kwa penseli: mtoto ambaye mama yake amekufa, nani kamchukua, kampeleka wapi, maana leo anachukuliwa na jirani na kesho babu anatokea kudai damu yake. Sote pale chumbani tuliujua utaratibu huo. Tuliusahau kwa sababu miaka ilipita bila mtu kuiulizia ile safu. Wahenga wametuhakikishia kwamba wino wa Mungu haufutiki. Kuhusu penseli walituacha wenyewe.

Alimwambia Mwalimu arudi baada ya wiki mbili. Mlango ulipofungwa alirudisha kitufe kushoto, akafungua ukurasa upya. Palikuwa vilevile. Akaongeza mwangaza, akapunguza mwangaza. Akampigia fundi wa kompyuta simu mbele yangu, sauti imewekwa wazi.

"Dada, hiyo picha haina kijivu ndani yake," fundi alisema. "Kila nukta ni nyeusi au nyeupe. Iliyohesabiwa nyeupe imeshakuwa nyeupe."

"Nirudishie."

"Hakuna cha kurudisha. Ungechukua kwa kijivu, ningecheza nayo."

"Wewe ndiye uliyechagua."

"Mimi kile kitufe nilikiacha katikati. Nani alikisogeza?"

Alikata simu. Alikaa ameweka mikono miwili juu ya kioo cha skana, na nilimwona analia bila kujifuta, yeye aliyekuwa akifuta kila kitu.

Siku ya pili hatukufungua dirisha. Tulikwenda kiwandani. Msimamizi wa pale alikuwa mtu mpole, alitutembeza hadi kwenye pipa kubwa la zege ambamo karatasi zinalowekwa na kusagwa. Mama Faili alikunja mkono wa gauni, akauzamisha ndani hadi kiwikoni, akatoa konzi ya uji wa kijivu.

"Mama, ya kwenu ilishapita tangu mwezi wa saba," msimamizi alisema. Akatuonyesha ilikopita: trei za mayai, zimepangana hadi dari. Mama Faili alichukua moja akaigeuza kwenye mwanga, kila kishimo, anatafuta maandishi. Ilinibidi nimshike mkono kumtoa.

Hakukata tamaa siku hiyo, na laiti angekata. Alisema mwanamke wa kitanda cha pili naye lazima aliandikwa, tena kwa wino, kwa sababu kifo cha mtoto wake kilikuwa jambo lililothibitika. Alikuwa na akili Mama Faili. Tukatafuta wiki ile nzima ya mwaka ule, tukapata wanawake watatu walioandikiwa mtoto hakuishi. Wa kwanza alikuwa amefariki, na wanawe walituonyesha picha zake zote. Hakukuwa na mtoto wa kulea hata mmoja. Wa pili tulimkuta hai, akatukaribisha vizuri, kisha alipojua tunachouliza alianza kumlilia mtoto wake wa miaka thelathini na minne iliyopita, na tukatoka pale tumeinamisha vichwa. Wa tatu aliandikwa jina moja tu, jina ambalo kila mtaa una wanawake kumi wanaoitwa hilo. Alipokuwa akikaa paliandikwa kwa penseli.

Baada ya hapo alibaki na vile vitone vitano. Alivichapisha vikubwa kwenye karatasi, akawa anaviunganisha kwa kalamu, herufi hii, herufi ile. Nilizikuta kwenye droo yake karatasi zaidi ya arobaini, kila moja ina jina tofauti. Nyumbani alikuwa halali, na kazini alikuwa hapangusi tena meza. Niliweka kikombe changu juu ya jalada makusudi. Hakukiona.

Mwalimu aliporudi, Mama Faili alimwambia akiwa amesimama.

"Nesi aliandika. Mimi ndiye niliyefuta. Siku ile ulipokuja kitabu kilikuwa pale, hatua nane, nikakufukuza."

Nilingoja kelele. Ningelikuwa mimi ningelipiga. Mwalimu alitazama ile rafu tupu, kisha skana.

"Hiyo mashine inachukua na picha za watu?" aliuliza.

"Inachukua."

Alitoa kwenye pochi picha yake ndogo, ya kitambulisho, pembe moja imekunjika. "Tulikuwa wa kufanana. Bibi alishindwa kututofautisha, akanifunga uzi mguuni. Kama yupo, ana sura hii. Iwekeni."

Mama Faili aliilaza picha juu ya kioo. Kila hatua aliniuliza mimi, niliyemdanganya.

"Rangi?"

"Rangi, dada."

"Nukta mia sita?"

"Mia sita."

"Na hiki kitufe?"

"Usikiguse."

Ilitoka na mkunjo wake wa pembeni, na doa la gundi shavuni, na macho yanayokutazama. Aliiweka kwenye mstari wa mapacha, safu ya mwisho. Lakini sote watatu tulijua kwamba yule mwingine hajui jina la mama aliyemzaa, na hataweza kuutafuta mstari ule. Atakuja hospitali kwa homa, au kujifungua, au kumletea mtu uji, na atapita. Kwa hiyo Mama Faili alichapisha nakala, akaibandika juu ya dirisha langu, na nyingine akaitia kwenye ule mfuko wa plastiki uliokuwa na barua ya pongezi. Barua sijui aliitupa wapi.

Alistaafu mwezi wa kumi na mbili. Jumatatu iliyofuata alikuwa kwenye benchi la wagonjwa, lile alilokuwa akinifukuzia mimi, na mfuko wake magotini. Alikuja kila siku. Aliwatazama usoni wanawake wote wa umri ule, mmoja mmoja, mpaka wengine wakalalamika, na mlinzi akaniuliza kama dada yangu ana matatizo ya akili. Nilimwambia ana kazi. Nilimpelekea chai saa nne. Nilimwambia, dada, twende nyumbani, akaniambia niangalie dirisha langu.

Mwezi wa tatu, asubuhi, nilimsikia anapaza sauti. Nilitoka mbio. Alikuwa amesimama katikati ya ukumbi, mfuko umeanguka, amemshika mwanamke mabegani, anacheka na kulia pamoja. Mwanamke alikuwa amejifunga kilemba cha buluu ambacho sikuwahi kukiona. Uso ulikuwa ule. Moyo wangu ulipasuka kwa furaha, nakiri, kwa muda wa kupumua mara moja.

"Ni mimi, mama," Mwalimu alisema. "Ni mimi yuleyule."

Mama Faili alimwachia taratibu. Alitoa kitambaa, akapangusa benchi, sehemu ya mtu mmoja, akamwonyesha akae.

"Nimekuja kukwambia bibi ametutoka," Mwalimu alisema. "Jana asubuhi."

"Aliuliza?"

"Aliuliza."

"Ukamjibu nini?"

"Siku zote nilikuwa namwambia sijui. Jana nikamwambia amekula, bibi, ameshiba, amelala."

Mama Faili aliitikia kwa kichwa. Kisha mlango wa nje ukafunguliwa, wakaingia wanawake watatu, naye akainua macho kuwatazama.