Gitaa la Metali na Mkono wa Dani

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata sasa vidole vyangu vya kushoto hujikunja vyenyewe, kana kwamba bado vinatafuta nyuzi za kunyamazisha. Ilikuwa mchana, Homa Bay, uani kwa baba yangu mkubwa. Turubai zimefungwa, wali unanukia, na mimi nimesimama mbele ya ukoo mzima na gitaa la umeme begani. Nilikuwa msichana mwembamba mwenye kiburi kinene. Niliamini kwamba kando ya ziwa lote hili hakuna mtu mwenye sauti nzito kama yangu.

Nakusimulia haya kwa sababu jana ulikuja na simu yako, ukanionyesha picha za pedali, vile visanduku vya kukanyaga vinavyobadili sauti ya gitaa, moja nyekundu, moja nyeusi yenye fuvu, ukaniuliza, "Mama Atieno, ninunue ipi ndiyo gitaa langu lingurume?" Nilikumiminia chai. Si kwamba sina jibu, ila jibu lenyewe linaanza na nyanya yangu, na nyanya yangu hakuwa mtu wa kusimuliwa kwa haraka.

Bendi yetu ilikuwa ya watu watatu. Ouma alipiga ngoma, na siku za kazi alichomelea mageti pale Migori. Chacha, kijana wa Kikuria, alipiga besi na hakucheka ovyo. Mimi nilishika gitaa. Wenzetu walitaka benga na nyimbo za kanisa, sisi tukataka metali: ile ya nyuzi zilizolegezwa hadi zikanguruma, ya ngoma zinazokimbia. Mahali pa mazoezi tulipata stoo nyuma ya mashine ya kusagia mahindi. Mwenye mashine alitukubali kwa sababu, alisema, kelele zetu na zake zingekuwa majirani wazuri.

Hapo ndipo sikio langu lilipoharibika. Mashine ilinguruma kutwa, nami ili nijisikie nilizungusha geini, kile kitufe kinachotia sauti mikwaruzo, hadi kikagota. Nikapandisha sauti nene hadi mwisho, nikapandisha sauti nyembamba hadi mwisho, na ile sauti ya katikati nikaifuta kabisa. Nikipiga peke yangu, nilihisi mlima unapasuka. Nikiacha kupiga, mashine iliendelea, kwa hiyo hakuna aliyegundua kwamba gitaa langu nalo lilikuwa linaendelea.

Chacha aliwahi kunidokeza. "Atieno, ukiwa peke yako wewe ni radi. Tukianza sote, sikuoni."

"Punguza besi yako basi," nikamwambia.

"Ni kweli," akasema. "Nikae nyumbani kabisa, ndiyo usikike vizuri."

Sikumwelewa. Nilidhani ananionea wivu.

Sasa nikuambie kuhusu nyanya yangu, ambaye sote tulimwita Dani. Alizaliwa Takawiri, kisiwani, akaolewa bara na mwanamume mrefu mwenye sauti ya kuita vivuko. Babu alipenda sana pakruok. Wewe umekulia mjini, labda umeiona kwenye video tu. Katikati ya muziki mtu huinua mkono, wapigaji hukata papo hapo, kimya kinaingia, naye hujisifu mbele ya watu: kabila la mama yake, uzuri wa ng'ombe wake, ukali wake, majina yake yote ya majivuno. Akimaliza, muziki unaanguka tena palepale ulipoachwa na watu wanaruka. Babu hakuacha sherehe ipite bila kuinua mkono. Dani alimpigia vigelegele maisha yake yote. Zamu yake yeye haikuwahi kufika.

Babu alipotutoka, na maombolezo yakapita, Dani akaanza kutunga maneno yake. Tulimsikia akiyajaribu jikoni. Na aliposikia kwamba mjukuu wake ana bendi, akasema atayasema kwa bendi ya damu yake mwenyewe, si ya kukodi. Baba akamwonya kwamba muziki wetu ni wa mashetani. Dani akajibu, "Shetani gani anafanya mazoezi kila siku?"

Basi siku ile niliyoanza nayo, ya shukrani ya familia uani Homa Bay, tukapiga. Wazee walikunja nyuso, vijana wakatikisa vichwa. Nikamwona Dani akisimama, gauni la zambarau, kilemba kimekaa sawa. Akainua mkono.

Ouma akakata. Chacha akakata. Mimi nikaondoa mkono kwenye nyuzi, na gitaa likalia *wiiiiiii*, mlio mwembamba wa kuchoma masikio. Nikageukia amplifaya, lile kasha la spika linalokuza sauti, nikidhani nitaituliza. Gitaa likasikia sauti yake yenyewe ikitoka humo, likalia zaidi. Watoto wakaziba masikio. Dani alikuwa amefungua kinywa. Neno la kwanza likazama.

Min Awuor, yaani mama yake Awuor, wifi wa Dani ambaye walikuwa wakishindana tangu ujana, akauliza kwa sauti ya kusikika hadi jikoni, "Nyar Takawiri, binti wa Takawiri! Nani amekanyaga paka?"

Watu walicheka, mwanangu. Mkono wa Dani ulishuka polepole, akaketi, akarekebisha kilemba ambacho hakikuwa kimepinda.

Kesho yake alinikuta nikikunja waya. Hakunifokea, ingawa ningependa anifokee.

"Nyakwara," akaniita, yaani mjukuu wangu, "sauti yako ni kubwa. Hilo sikatai. Lakini gitaa lako halijui kumpisha mtu."

"Ni mashine, Dani. Ndivyo ilivyo."

"Mashine haina mikono. Mikono ni yako." Akanitazama hadi nikaacha kukunja ule waya. "Otieno anaoa mvua zikipungua. Nitainua mkono tena. Nisiposikika siku hiyo, sitauinua tena. Nitarudi kisiwani na maneno yangu, nizikwe nayo."

Alikuja kukaa nasi Migori kungoja harusi hiyo ya binamu yangu. Nami nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya: nilizima mikwaruzo yote. Nikakaa barazani na gitaa kavu, kama lilivyozaliwa, nikapiga rifu yetu, ule mstari mfupi wa gitaa unaorudiwarudiwa.

Loo! Nilishtuka. Mkono wangu wa kulia ulikuwa unachechemea. Pigo moja zito, jingine jepesi, la tatu limechelewa. Vidole vya kushoto viligusa nyuzi visizozihitaji, nazo zikalialia kichinichini. Miaka yote hiyo mikwaruzo ilikuwa imenifichia uchafu, kama rangi mpya juu ya ukuta wenye nyufa. Nilidhani geini ndiyo uzito. Uzito ulikuwa kwenye pigo, na pigo sikuwa nalo.

Nikaanza upya, polepole, kama mtoto anayejifunza kuandika jina lake. Nikaweka ukingo wa kiganja juu ya nyuzi, pale karibu na daraja, kile kipande cha chuma zinapofungiwa. Ukisogea mbele sana, sauti inakufa kabisa. Ukirudi nyuma sana, inapiga kelele. Kuna upenyo mdogo katikati ambapo uzi mnene unasema *dum*, mfupi, mzito, kama gunia la mahindi likiangushwa sakafuni. Nikautafuta upenyo huo hadi kiganja kikaujua bila mimi.

Dani alikaa kando yangu akichambua omena, dagaa wa ziwani, kwenye ungo. Siku moja, bila kusema kitu, akainua mkono wenye magamba. Nikaacha kupiga. Uzi mmoja ukaendelea kuvuma.

"Bado yupo mmoja anaongea," akasema, akarudi kwenye omena zake.

Ukawa mchezo wetu. Aliuinua wakati wowote: katikati ya rifu, mwanzoni, nikiwa nimefumba macho. Alikuwa mwongo pia. Alijifanya anafukuza nzi, nami nikakata bure, naye akacheka hadi machozi. Nikajifunza kukata kwa mikono yote miwili, kiganja cha kulia kikianguka, vidole vya kushoto vikilala juu ya nyuzi kama blanketi, bila kuzibana. Kukata huko, mwanangu, ndiko kunakofanya metali iwe nzito. Ngumi haiumizi kwa kukaa usoni mwa mtu. Inaumiza kwa kufika na kuondoka.

Mkono ulipoanza kuelewa, ndipo nikarudi kwenye vifaa, na safari hii vifaa vilinisikia. Nyuzi zangu zilikuwa nyembamba. Nilizilegeza hadi zikawa kama kamba ya kuanikia nguo. Nikafunga nyuzi nene, zikabaki zimekaza hata nilipoteremsha sauti. Piki yangu, kile kibapa cha kupigia nyuzi, ilikuwa laini, inapinda kabla haijagusa, nikachukua ngumu. Nikarudisha geini chini ya nusu. Siku ya kwanza nilijihisi niko uchi.

Amplifaya ilikuwa daima sakafuni, ikinipigia vifundo vya miguu. Dani alikuja stoo kutusikiliza, akaitazama, akaniuliza, "Kwani masikio yako yako magotini?" Ouma alicheka hadi akaangusha kijiti. Tukaipandisha juu ya kreti za soda, ikanitazama usoni, na kwa mara ya kwanza nikasikia kile ambacho watu walikuwa wakikisikia: nyigu ndani ya kopo. Nikapunguza zile sauti nyembamba. Kisha, Chacha akipiga besi yake na Ouma ngoma zake, nikaanza kurudisha sauti ya katikati, kidogo kidogo. Peke yangu ilikuwa mbaya, kama mtu anayeongea puani. Pamoja nao, gitaa likatoka mbele kama mtu aliyesimama kutoka kwenye umati.

Chacha akaacha kupiga. "Ehe," akasema. "Umekuja. Karibu kwenye bendi."

"Hii sasa ni noma," Ouma akasema.

Nilimwomba Chacha msamaha, akaniambia ninunue soda. Nikanunua.

Harusi ya Otieno ilikuwa katika uwanja ulio juu kidogo ya maji, Homa Bay, mchana mweupe, ziwa linang'aa chini yetu. Mshereheshaji alitutangaza kwa tahadhari, kama mtu anayetangaza mvua ya mawe. Min Awuor alikuwa mstari wa mbele.

"Leo pia umekuja na paka wako?" akamuuliza Dani.

"Nimekuja naye," Dani akasema. "Amelishwa."

Tukaanza. Sijui nikuelezeje. Sauti ilikuwa ndogo kuliko ile ya kwanza, na ilikuwa kubwa mara nyingi zaidi. Kila pigo lilikuwa na mwanzo na mwisho. Lilikaa juu ya besi ya Chacha kama nyumba juu ya msingi, na watu waliokuja kuvumilia wakajikuta wanakanyaga chini kwa mguu mmoja. Mzee mmoja wa kanisa alitazama kiatu chake kana kwamba kimemsaliti.

Dani akasimama. Gauni lile lile la zambarau. Akainua mkono.

Tukakata.

Kimya, mwanangu. Kimya chenye ukingo kama cha kisu. Nilisikia turubai likipigwa na upepo. Nilisikia maji. Amplifaya yangu ilikuwa wazi, imejaa moto, na haikusema neno.

"Mimi!" Dani akasema, na sauti yake ikafika hadi kwenye sufuria. "Mimi Nyar Takawiri! Mimi mbuta, samaki aliyechana wavu na akarudi kuuchana tena! Mimi niliyevuka ziwa na mimba, mawimbi yakanipisha! Mume wangu alijisifu miaka yote, lakini ulizeni alikuwa anakula kwa nani! Na huyo mwenye gitaa la radi, damu yake ni yangu! Nikiinua mkono, hata radi inaninyamazia!"

Akaushusha mkono kama panga.

Tukaanguka sote watatu katika pigo moja. Uwanja ulipaa. Kina mama walipiga vigelegele vilivyozidi spika, vijana waliruka, bwana harusi akavua koti akalizungusha hewani. Baba yangu, aliyetuita watu wa mashetani, alikuwa amesimama juu ya kiti cha plastiki akipiga kelele jina la mama yake. Na Dani akacheza, taratibu, mabega tu, kichwa juu, kama mtu anayeingia nyumbani kwake.

Kisha nikaona mkono mwingine ukiinuka mstari wa mbele. Ulikuwa wa Min Awuor.

Nikamtazama Dani. Akanikonyeza. Nikakata.

Basi hilo ndilo jibu lako. Nunua pedali unayoipenda, hata ile ya fuvu, inapendeza. Lakini kabla hujaiwasha, piga kavu hadi usione aibu. Funga nyuzi zinazolingana na ulegezaji wako. Inua spika ifike masikioni. Usitengeneze sauti yako ukiwa chumbani peke yako, itengeneze kati ya wenzako, na umsikilize mpiga besi anapokuambia hakuoni. Geini itie mwisho, kama chumvi, na uiache ungali unaitamani. Zaidi ya yote, mfunze mkono wako kunyamaza, kwa maana huo uzito unaoutafuta watu watausikia pale utakapokata.

Mungu akupe mikono yenye nguvu na masikio yenye subira. Akupe wapiga ngoma wasiochelewa. Na yule aliyekupigia vigelegele tangu utotoni atakaposimama siku moja katikati ya umati na kuinua mkono, nyuzi zako zote zitulie mara moja, na kila neno lake lifike hadi majini.