Mto Rhine Unapita Garland

Pale ghalani katika mji wa Garland, ughaibuni, kuna mfanyakazi ambaye kila mtu humwita Mwalimu, kwa sababu hata kalamu ya kuandikia maboksi huishika kama chaki, na akimaliza hupangusa vidole kwenye suruali ijapokuwa havina vumbi. Kwao Uvira alifundisha jiografia. Hapa anasimamia mkanda unaosafirisha maboksi, na mkanda huo kaupa jina la mto aliokuwa akiufundisha: Rhine. Kule juu, kwenye rafu, ni milima ya Alps. Mikanda midogo inayojiunga njiani ni vijito. Chini, mkanda unapotambaa polepole na kugawanyika kuelekea milango ya malori, ndipo Uholanzi.

Huko Uholanzi ndiko alikopangiwa Rosette, mgeni wa wiki moja, aliyekuwa akichanganya milango hadi bosi akamwonya kwamba akikosea tena ataenda nyumbani. Asubuhi hiyo akawa anasita kwa kila boksi, maboksi yakarundikana. Mwalimu akaja na ile sauti yake ya darasani.

"Mama Rosette, tumefika tambarare! Mto hapa hauna haraka. Maboksi mazito ni makaa ya mawe ya viwandani. Yanapita wapi?"

"Kushoto, Mwalimu."

"Na ya chakula, ile ngano yetu?"

"Kulia!"

Kufikia saa ya kula, lundo lote lilikuwa limeisha na hakuna boksi lililopotea njia. Rosette, akicheka, akamuuliza kama mto wenyewe aliwahi kuuona.

Mwalimu akapangusa vidole.

"Kuuona? Mama, mimi ndiye nilikuwa nauchora ubaoni!"