Mawe Mabichi ya Tajiri

Mwoka mikate alikuwa ameishi na mumewe, mchimba visima, kwa muda wa kutosha kujua kwamba bwana huyo akinyamaza, kuna balaa linakuja. Kwa hiyo siku alipomwona anaingia uani na tope hadi magotini, kimya, amekumbatia jiwe jeusi kama mtoto mchanga, aliacha kukanda.

"Tazama," mume alisema, akasogeza jiwe kwenye moto wa tanuri. Jiwe likashika moto, likafuka moshi mzito wenye harufu ya lami. "Mafuta, mke wangu! Tumekalia mafuta!"

Kuanzia hapo akavimba kichwa. Majirani walimbandika jina la Tajiri kwa kumkejeli, naye, bila haya, akaliitikia. Akawa anatembea amefunga mikono nyuma, anawaambia wanunuzi wa mkate, "Sisi wenye mafuta tuna mambo mengi." Mkewe alikanda unga huku amebana meno. Mwanamume asiyeweza kuchemsha chai bila kujiunguza, leo mwenye mafuta!

Wifi yake, dada mdogo wa Tajiri, alikuwa mwanajiolojia. Alipokuja kuwatembelea alilichokonoa lile jiwe kwa kisu, likabanduka karatasi karatasi.

"Hapa palikuwa na ziwa," alisema, "zamani kabla ya binadamu. Mwani uliota juu ya maji, ukafa, ukazama. Kule chini hakukuwa na hewa ya kuuozesha. Ukafukiwa na tope laini, tabaka juu ya tabaka, mpaka vyote vikagandamana kuwa mwamba."

"Na ndiyo mafuta!" Tajiri alidakia.

"Siyo mafuta, kaka. Yangekuwa mafuta kama bonde lingeendelea kudidimia, mwamba ukashuka kilomita mbili tatu penye joto, ukakaa huko mamilioni ya miaka. Joto ndilo linalovunjavunja mabaki ya ule mwani yakatoa mafuta na gesi. Bonde hili liliacha kudidimia mapema."

"Yaani ni donge la unga ambalo halikuingia tanurini," mwoka mikate alisema.

"Hasa, wifi yangu!"

Tajiri alikunja uso. "Basi tutalioka wenyewe."

"Inawezekana," dadake alimjibu, "ukilifungia pasipo hewa na kulipasha moto mkali sana. Lakini utamaliza kuni nyingi upate tone."

Tajiri angeshika maneno ya mwisho tu, ingetosha. Yeye alisikia "inawezekana".

Mkewe alikwenda kusaga ngano. Aliporudi alikuta mtaa umejaa moshi wa manjano, majirani wamesimama nje wameziba pua kwa khanga na mashati. Ndani ya tanuri lake, tanuri la mikate, kulikuwa na pipa la mawe meusi lililozibwa kwa udongo, bomba limetokea mdomoni na kupita kwenye ndoo ya maji. Kuni zote alizoweka akiba zilikuwa majivu. Tajiri, mweusi kwa masizi, alimwinulia kikombe.

"Onja kwa macho!"

Ndani mlikuwa na uchafu wa rangi ya kijani kibichi, unanuka kama yai viza. Haukufika hata nusu ya kikombe.

"Hongera, Tajiri," mke alisema. "Utajaza taa moja."

Kesho yake mwalimu mmoja, jirani yao, alirudisha mkate. "Mama, hivi umeupaka lami?" Mwoka mikate alisugua tanuri, akalichoma tupu kutwa nzima. Wapi! Harufu ilikuwa imeingia ndani ya matofali.

"Bomoa," alimwambia mumewe.

"Lote?"

"Lote. Kisha ujenge jipya, kwa mikono, siyo kwa domo."

Tajiri alijenga, akilalamika kwa kila tofali. Tanuri jipya likainama upande kama mlevi anayetafuta ukuta. Mkate wa kwanza ukaungua ubavu mmoja, na fundi Tajiri akaapa kwamba kosa ni la unga. Mkewe alikata ule ubavu ulioungua, akauweka kwenye sahani mbele ya mumewe.

"Kula."

Akala.