Pinsi Ile Sumaku Ilikatala

Mi sijue kungojea. Mama yangu anasemaka nilizaliwa mbele ya mwezi yangu juu nilichoka kukaa mule ndani, na miaka yote nilisoma électricité ku masomo, macho yangu ilikuwa paka ku mulango tu. Njo maana mu ile juma ninataka kuandika hapa nilifanya kosa ya muntu ya haraka, na kila mara inanirudilia ku kichwa nacheka peke yangu mpaka mama anauliza kama niko na malaria.

Nilikuwa ku majaribu mu équipe moja ya kuweka mapanneau ya jua, zile za kutosha umeme, juu ya nyumba za bantu. Tulikuwa batatu: chef, baba moja ya maneno kidogo; mwenzangu, kijana ya ku Kasapa mwenye kujua kila kintu; na miye, binti peke yangu. Chef alikuwa na sheria moja. Sanduku ya bintu ya kazi haipande ku tôles, ku mabati kule juu. Kinapanda paka kile tu kiko mu mufuko yako. Ukiita pinsi, ile koleo ya kazi, kutoka kule juu, unashuka, na mwenzako anamaliza kazi yako.

"Kule juu unaita nani?" chef anasemaka. "Mungu hana pinsi."

Siku ya ine, njo alhamisi, alituambia: siku ya kwanza, jumatatu, gari inaenda Mokambo, pale ku mupaka na Zambie. Depo moja kubwa ya bunga inataka mapanneau, kazi ya juma mbili, na mu gari kunabakia nafasi moja. Kesho kutwa, siku ya posho, njo jumamosi, mi na mwenzangu tutapanda ku nyumba moja ya mu Bel-Air, kila mumoja na upande yake. Mwenye kumaliza bila kuita, njo anaenda.

Mi ile nafasi niliitaka kupita bintu yote. Sikuonaka mupaka hata siku moja. Baba alionaka, dada yangu mukubwa alionaka, hata imbwa ya jirani alipandaka mu camion moja, akafika Kasumbalesa, mupaka ingine, akarudia. Paka miye tu, bado.

Shida ni vile sikukuwa na pinsi. Tangu nianze kazi nilikuwa nalomba ya mwenzangu, na yake haikuwa pinsi ya hivi hivi. Ilikuwa ile ya kukunja: unafungua mukono yake, ndani kunatoka kisu, turnavisi ya kukazia skrubu, musumeno, mukasi, bintu makumi mbili na mbili, mpaka kalupe ka kuangaria bintu bidogo. Alikuwa anaifungua mbele ya bantu vile jogoo anafungua mabawa.

"Mama," mwenzangu aliniambia kwa kunichekelea, "hata ukipata yako, utaiweka wapi? Mifuko ya pantalon yako iko ya bongo, haina ndani. Utaichomeka mu nywele?"

Ilikuwa kweli, njo iliniuma. Pantalon ya banamuke, fundi anachora mufuko inje, ndani hakuna kintu. Ile magaribi mama yangu alikata muguu ya jean ya zamani ya baba, akanishonea mufuko kwa mukono, nguvu kama ya kubebea makala.

"Sasa enda utafute ya kuweka ndani," asema. "Sikuchomwe sindano mara mbili bure."

Ku nyumba yetu kuna sumaku, ile tunaitaka aimant, kubwa kama kopo ya tomate. Nkambo yangu, baba ya baba, alitumikaka ku atelier, karakana ya train, na siku alitoka mu kazi alitoka nayo. Inakaa juu ya kabati, kando ya Bikira Maria, na mu famille yetu hakuna kintu ya chuma inaingia mu nyumba mbele haiyapita pale. Kufuli, baiskeli, sufuria, yote. Nkambo anaikaribisha: ikishika, klak, anasema, "Hii iko chuma." Ikikatala, anasema, "Rudishia mwenyewe." Hata bajirani banaletaka bintu yabo apime.

Basi kesho yake asubuhi nilitia sumaku mu sashe ya plastiki, nikapanda moto ya taksi, ile pikipiki, nikaenda ku soko ya commune Kenya, hapa mu muji yetu. Mu njia sashe ilijishika yenyewe ku tanki ya moto. Dereva alijaribu kuisukuma, ikakatala, akafikiri ni bulozi. Alinishusha mbele ya kufika.

Mama moja ya ku Butembo anauzisha pale misumari kwa gunia, mavis, zile skrubu, makufuli, na pinsi za kukunja. Alinitandikia tatu ku meza. Ya kwanza nyeusi, nono, bintu mingi ndani mpaka haikufungika muzuri. Ya pili ilikuwa inangaa kama kioo, nilijiona meno ndani. Ya tatu ya rangi ya majivu, haina sura, kama ilichoka mbele ya kutumika.

"Kamata ile ya majivu, binti yangu," mama alisema. "Fungua na mukono moja. Unaona? Mukono ingine itakuwa inashika ngazi. Sasa funga midomo yake, uiinue ku jua. Kama mwangaza haipite katikati, itashika hata waya ya kama nywele."

Lakini mi nilishatosha sumaku mu sashe. Ile ya kungaa, klak, ilishikwa kichwa mpaka mukia, niliivuta na mikono mbili. Ile ya majivu, mwili yake ilitelemuka kama samaki. Paka kisu na ncha ya turnavisi tu njo ilishika.

"Ile ya majivu haina chuma," nilisema.

Mama aliangaria sumaku, kisha akaniangaria. "Nani alikufundisha ile?"

"Nkambo yangu. Alitumika ku train."

"Binti, kwenu kuna kijiko?"

"Iko."

"Enda upime kijiko mbele, kisha urudi."

Mi niliona ile ni maneno ya soko tu. Nani anatoka commune Kenya kwenda kupima kijiko? Nilikamata ya kungaa. Mama aliifunga mu gazeti bila kukasirika.

"Sawa," asema. "Meza yangu haina miguu ya kukimbia."

Ile siku sikutembea, nilikuwa naruka. Nilifungua na kufunga ile pinsi kutoka soko mpaka kwetu. Ku nyumba nilikaza mukono ya sufuria, miguu ya viti, antene ya radio ya baba, na vis moja ya ku mulango yenye haikulombe kintu kwa muntu. Nilizunguka mara ya pili kuangaria kama kuna ingine.

"Mudomo yangu uiache," mama alisema. "Ile haina vis."

Alikuwa na beseni ya thomson mu chumvi, ile samaki ya baridi tunakulaka na bukari, ugali yetu. Nilimunyanganya kisu. Thomson nane nilitumbua na pinsi yangu, chumvi mpaka ku viwiko, nikaisukula mu mayi ya ile ile beseni, nikaiweka ku dirisha, nikalala na furaha ya mujinga.

Asubuhi ya siku ya posho pinsi ilikuwa na madoa mekundu. Hapa udongo yote iko mwekundu, nilifikiri ni vumbi. Nilipangusa. Haikutoka. Nilivuta mukono yake: ilifunguka nusu, ikalia kama mutoto ya pusi, ikakatala kurudi.

Nkambo alikuwa ku meza, anakula bouillie, uji yake. Nilisimama mbele yake na ile kintu mu mukono, na jua ilishapanda, na ku Bel-Air chef alikuwa ananingojea. Njo niliona kijiko ya nkambo, maneno ya mama ya soko ikanirudilia ku kichwa.

"Nkambo, nipatie kijiko."

"Niko nakula."

"Kidogo tu."

Niliweka sumaku ku kijiko. Kijiko ilikaa kimya. Nkambo aliikamata, akaipangusa, akajaribu upande ingine. Kimya. Tulileta bijiko yote ya nyumba, sita, zile zilitokaka ku cantine ya train, kule bantu ya kazi balikuwa banakula. Sita zote, kimya.

"Hii kijiko iko na miaka ngapi?" niliuliza.

"Baba yako njo ilimufundisha kukula."

"Ilishikaka kutu?"

"Hata siku moja," nkambo alijibu. Aliangaria kijiko, akaangaria pinsi yangu, na mabega yake ikaanza kutetemeka. Nilifikiri analia. Kumbe anacheka.

"Ku atelier," asema, "sumaku ilikuwa ya kutenga. Unaipitisha mu takataka ya mashini: chuma inaenda huku, cuivre, shaba, inabakia kule, juu cuivre njo ilikuwa mali. Hakuna muntu alituambia inajua chuma ya muzuri na chuma ya mubaya. Ile shiye tuliongeza."

Mama alitokea ku mulango ya jikoni na mwiko mu mukono. "Baba," aliuliza polepole, "na zile sufuria za ndoa yangu, ulirudishaka kwa wajomba zangu?"

Nkambo alisimama. "Tuende ku soko," aliniambia. "Mbiyo."

Tulipanda moto moja, yee katikati na koti yake ya misa, mi nyuma, sumaku juu ya magoti yangu mbali na tanki. Mama ya Butembo alituona kutoka mbali.

"Kijiko ilisema nini?" aliuliza.

"Ilisema wee njo ulikuwa na haki," nilijibu. Alikamata pinsi yangu, akainusa.

"Hii iliisha kula samaki. Nitaiuzisha nani?"

Nkambo alikuwa anaangaria chini ya meza. Mu vumbi ya pale misumari ilijaa, ile inatoka mu magunia siku yote, na mama anaiinamia kuokota moja moja. Nkambo alishika sumaku, akaipitisha juu ya vumbi vile muntu anapiga pasi. Misumari iliruka yote. Sumaku ilitoka pale na manywele kama nungu.

Mama alimusogezea kiti. Kisha akasema, "Baba, kaa. Tunaweza kusikilizana."

Basi ilikuwa vile: sumaku kwa pinsi ya majivu, na ya samaki akanirudishia bure, asema ya kutumbulia. Niliangaria nkambo kama inamuuma, juu ile sumaku alikaa nayo miaka mingi kupita muke yake. Alikamata pinsi ya majivu, akatosha turnavisi yake, akapangusa ile ncha ku sumaku, upande moja tu, polepole, mara kama kumi. Nilifikiri anaiaga.

"Nkambo, saa."

"Wee na saa yako," asema, akapangusa tena.

Nilifika Bel-Air na jasho. Chef alikuwa anakaa mu kivuli ya nyumba, mwenzangu alishapanda. Alinichungulia kutoka juu. "Mama, umeleta nywele?" Nilipiga mukono ku mufuko ya jean ya baba, nikapanda.

Ile pinsi, muntu anisamehe, ilikuwa utamu. Nilikuwa nashika reli, ile ya kushikilia mapanneau, na mukono moja, na ingine naifungua. Ilikata waya, ikavua ngozi ya waya, ikakaza, na mu mufuko sikuisikia. Nilikuwa naimba kidogo kidogo. Nilibakisha vis moja tu, ile ya kufungia kifuniko ya boîte, kasanduku ya waya, njo ikanitoroka mu vidole. Ilibingirika mu mufereji ya tôle, ikaingia chini ya panneau, mahali kidole haifike. Niliiona inangaa pale. Bila ile vis mvua inaingia mu boîte, na kazi haiyaisha. Mudomo yangu ilishafunguka: Chef, nipatie vis.

Nilifunga mudomo. Nilitosha turnavisi, nikaisukuma mule chini, labda nitaisogeza. Haikulombe kusogezwa. Vis iliruka yenyewe, klak, ikajibandika ku ncha kama mutoto ku mugongo.

Niliangaria ile ncha. Mara kumi, upande moja, polepole. Kumbe hakukuwa kuaga. Nilianza kucheka, nikashika reli, nisianguke.

"Weye, unacheka nini kule?" chef aliuliza.

"Hakuna kintu, chef."

"Hakuna kintu haichekeshe muntu."

Ni pale mwenzangu aliita. Pinsi yake nono haikuingia katikati ya reli na tôle. Alijaribu na kisu yake, ncha ikavunjika. "Chef, nitupie pinsi ya murefu."

Chef alikunywa mayi yake, akafunga chupa.

"Shuka," asema.

Nilifunga kifuniko yangu, kisha nikamaliza upande yake pia, ni sheria. Yee alinishikia ngazi nikishuka, kwa heshima, ile ilinishangaza.

"Ile pinsi ya sura mubaya uliitosha wapi?" aliuliza.

"Ku mama ya misumari, commune Kenya. Lakini ukienda, ubebe kijiko."

Siku ya kwanza asubuhi mapema gari ilipiga honi ku mulango. Nkambo alitoka na koti yake, akanitilia kijiko moja ya cantine mu mufuko, kando ya pinsi.

"Ya kukulia bukari ya Mokambo," asema. "Na kama unaona sufuria muzuri kule, uletee mama yako. Usiipime."

Mpaka ku barrière ya mupaka nilikuwa nagonga ile mufuko, kijiko na pinsi, kling, kling, na chef aliniambia kama nanyamaza atanipatia kiti ya ku dirisha.