Bunduki Iliyopigwa Msasa

Mume wangu ana ugonjwa mmoja ambao hospitali yetu haina dawa yake. Mimi ndiye ninayekaa mapokezi ya hospitali hiyo, kwa hiyo ingekuwapo ningekuwa wa kwanza kujua. Hawezi kuona kitu kinachokwaruza akakiacha. Ni fundi seremala. Wanaume wengine mfukoni wana leso, yeye ana kipande cha msasa. Tukienda kumjulia hali mtu, mimi nazungumza na mgonjwa, yeye yuko pembeni analainisha ukingo wa meza. Mwiko wangu wa jikoni ameusugua mpaka umebaki kama kijiti cha meno. Nikimgombeza ananiambia, "Mke wangu, si nilitaka usichomwe na vibanzi?" Anasema taratibu, kwa sauti ya chini, na hasira zinaniisha nusu. Nusu nyingine naiweka akiba, maana namjua, kesho ataihitaji.

Baba mkwe alikuwa mwindaji mwenye leseni. Alipofariki, bunduki yake ikaandikishwa kwa jina la mume wangu, ikawa inalala kwenye kabati la chuma lililofungwa ukutani chumbani kwetu. Mume wangu alikuwa akiitoa kuipaka mafuta, anaitazama, anairudisha. Hakuwa akiwinda. Mwenzake wa kuwinda alikuwa kaka yake, na kaka yake alihamia nchi nyingine tangu ujana, akaoa huko, akawa dereva wa malori makubwa.

Jioni moja kaka huyo akapiga simu. Mume wangu alisikiliza kidogo, kisha akanipa simu na kwenda kusimama dirishani.

"Shemeji," kaka mtu akaniambia, "macho yangu yanafunga. Daktari amesema hakuna namna. Sasa hivi naona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Msimu wa kuwinda ukija tena baada ya huu, hata hilo tundu halitakuwapo. Nileteeni mdogo wangu, na bunduki ya baba. Nataka niwinde nayo mara moja, nikiwa bado naona."

Nikamwuliza kama huko hakuna bunduki za kukodi.

"Zipo tele, shemeji. Lakini baba hakupata kuzibeba."

Basi, hapo hakukuwa na la kujadili. Nilikata simu nikamkuta mume wangu ameshatoa blanketi kabatini, ati anapima kama bunduki itaenea akiiviringisha.

"Unataka kuipeleka bunduki uwanja wa ndege ndani ya blanketi?" nikamwuliza. "Kama mtoto mchanga?"

"Si ina leseni?"

"Jamani! Leseni ni ya hapa. Kule wewe ni mtu mwenye silaha anayeingia kwenye nchi ya watu!"

Nikaona kazi imenifikia. Mimi kutwa nzima nakaa nyuma ya kaunta nikiwaambia watu kwamba daktari hayupo, na nimejifunza kutoka kwao jinsi mtu anavyong'ang'ania kaunta mpaka daktari anapatikana. Nikauliza huku na huku. Kwanza unaomba kibali cha nchi unayokwenda, cha kuingia na bunduki na kutoka nayo, na namba yake lazima iandikwe humo. Ukishakipata, polisi wa kwenu nao wanaikagua bunduki na kukupa ruhusa ya kuitoa nchini. Halafu unalijulisha shirika la ndege mapema, unatafuta sanduku gumu lenye kufuli, na risasi zinakaa peke yake. Kaka mtu akahangaika upande wake, mimi upande wangu. Kibali cha kule kikatoka, namba imenyooka vilevile ilivyo kwenye leseni. Nilikibusu kile kibali, msinicheke.

Ikabaki ukaguzi wa polisi tu. Tukabeba bunduki ndani ya sanduku lake jipya, ambalo mume wangu alilitengeneza ndani kwa sponji iliyokatwa kwa umbo la bunduki yenyewe. Ofisa wa silaha alikuwa mwanamama mwenye miwani, mpole, mwenye kalamu tatu kifuani. Akafungua sanduku.

"Loo!" akasema. "Hii ni ya zamani kweli? Mbona inang'aa hivi?"

Mume wangu akatabasamu. Nikalijua lile tabasamu. Ni tabasamu la mwiko.

"Nimeisafisha kidogo, afande. Ilikuwa na kutu. Nikaona nisiende kwa watu na kitu chenye kutu."

Afande akaigeuza bunduki, akaigeuza tena. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akaisogeza dirishani kwenye mwanga. "Namba iko wapi?"

"Hapo juu ya chuma, karibu na..." Mume wangu akanyoosha kidole, na kidole kikabaki hewani.

Pale palikuwa laini kama shavu. Alikuwa ameipiga msasa mkubwa, halafu mdogo, halafu ule wa maji, mpaka kutu ikaisha na namba ikaenda na kutu.

"Na hapa kwenye mti," afande akaendelea, akiweka kidole kwenye kitako, "kuna bonyeo baya namna hii. Hili umeliacha, namba umeiondoa?"

Kweli, kitako chote kilikuwa kimelainishwa, lakini palikuwa na bonyeo la upana wa dole gumba, limezungukwa na ung'avu, halikuguswa kabisa.

"Hilo si langu kuliondoa," mume wangu akajibu. Nikamkata jicho. Mtu yuko mikononi mwa polisi anajibu mafumbo!

Afande alisikitika, nisimsingizie. Lakini akasema bunduki isiyo na namba haina mwenyewe mbele ya sheria, na aliyefuta namba ana kesi ya kujibu. Itabaki pale wakati wanachunguza. Isipothibitika ni ya nani, itapelekwa kuyeyushwa.

Njia nzima nilimpa vidonge vyake. Nilimwambia amesugua mpaka amesugua macho ya kaka yake. Tulipofika nyumbani akaketi uani kwenye stuli, mikono magotini, na yule mtu ambaye hajawahi kukaa bure tangu nimjue akakaa bure. Karakana ikafungwa. Stuli yenyewe ilikuwa na mguu unaochomachoma, na hakuugusa. Nikaogopa kuliko nilivyoogopa pale polisi. Ile nusu ya hasira niliyoiweka akiba nikaitafuta, sikuiona.

Nikapiga moyo konde. Kila nilipotoka zamu nikawa naenda kwenye ile kaunta. Afande akawa akiniona anacheka kwa kuchoka. "Mama, umerudi?"

"Nimerudi, afande. Kuna kaka wa mtu anapofuka."

Nikamweleza habari nzima, na kesho yake nikamweleza tena kama vile hajaisikia. Mwishowe akasema, "Ngoja nimwite mtunza ghala la silaha, labda wewe atakuweza." Akaja mzee mmoja wa koti la buluu lenye madoa ya mafuta, bunduki mkononi. Akaniambia kwamba yeye na afande walikuwa wamekwisha kulizungumza jambo hili. Bunduki za aina ile, kiwanda kiligonga namba mara mbili, moja juu panapoonekana, nyingine tumboni mwa mtutu, upande uliolaliwa na mti.

"Sasa si mfungue!" nikasema.

"Skrubu zimekwama, mama. Zimeshikana na chuma. Nikilazimisha, mti utapasuka vipande, na hii ni mali ya mtu. Mimi chuma nakiweza. Mti wa zamani namna hii siuwezi."

Nikamgeukia afande. "Mnaruhusu fundi wa mti aje aifungue hapahapa, mbele yenu?"

"Tunaruhusu. Unamjua mmoja?"

"Nalala naye kitanda kimoja!"

Mume wangu alikuja na mfuko wake wa zana. Mlangoni alisita, akasalimia kwa sauti ya chini, lakini alipoishika ile bunduki mikono ikajua kazi yenyewe. Akaangalia kichwa cha skrubu, akatoa bisibisi, akaipiga tupa ncha yake mpaka ikaingia kwenye ufa wa skrubu bila kucheza hata kidogo. Akaomba umeme, akapasha moto chuma chake cha kulehemu, akakigusisha kichwani mwa skrubu, akadondosha mafuta. Halafu akakunja mikono.

"Vipi?" afande akauliza.

"Tunasubiri yanywe, afande. Mti haupendi kuharakishwa."

Tukasubiri. Mimi kusubiri siwezi. Nilihesabu kalamu za afande, nikasoma matangazo yote ukutani, nikayarudia. Akapasha tena, akadondosha tena. Kisha akaegemea bisibisi kwa uzito wa bega lake na kugeuza polepole. Skrubu ikalia "kriii", na mimi nikashika meza nikidhani ni mti unaopasuka. Haukupasuka. Ikatoka ya kwanza. Ya pili ikafuata kwa adabu. Akaupapasa mti kwa vidole, akaugonga kidogo kwa kiganja, na mti ukaachia mtutu mzimamzima, bila hata unywele wa ufa.

Chini kulikuwa na grisi ya zamani, nyeusi kama lami. Mzee wa ghala akaifuta kwa kitambaa chenye petroli. Akainama, akainuka, akamtazama afande. "Soma leseni," akasema.

Afande akasoma tarakimu ya kwanza, mzee akaitikia, "Ipo." Ya pili, "Ipo." Wakaenda hivyohivyo, na kila "ipo" mume wangu alikuwa akikua, nakuapieni, mgongo ulikuwa ukinyooka mbele ya macho yangu. Ilipofika ya mwisho mzee akapiga meza kiganja, "Ipo!" na mimi nikapiga ukelele uliowatoa askari wawili chumba cha pili mbio. Nilimkumbatia mume wangu. Nilimkumbatia mzee wa ghala na mafuta yake. Afande alinyoosha mkono mapema, nikaupokea kwa mikono miwili.

Namba ikagongwa upya juu kwa idhini, kwa nyundo na mihuri ya chuma, na kila nyundo ilipotua kwenye ule ung'avu wake mume wangu alifumba macho. Kesi haikuwa kesi tena. Ilibaki onyo, nalo afande alilitoa kwa mdomo akisaini ruhusa yetu. "Fundi, nikisikia umeigusa hii na msasa, nakuja mwenyewe nyumbani kwako."

Uwanja wa ndege bunduki ilipita bila swali. Aliyesimamishwa ni mume wangu, kwa kipande cha msasa mfukoni. Mkaguzi akakigeuzageuza, akauliza ni cha nini. Nikakichukua mwenyewe nikakitupa kwenye pipa. Tulipotua kule, ofisa wa forodha akafungua sanduku, akasoma kibali, akasoma chuma, akasoma kibali tena. Roho ilikuwa juu. Kisha akagonga muhuri na kututakia mawindo mema. Nilitamani kumwuliza kama anajua ni muhuri wa nini huo aliougonga hivihivi kama anaua nzi.

Kaka mtu alikuwa mlangoni, akigeuza kichwa huku na huku ili atupate katikati ya tundu lake. Alimpata mdogo wake, akamshika uso kwa mikono yote miwili. Tukaingia ndani, sanduku likafunguliwa juu ya meza. Hakuitazama bunduki. Aliweka mkono kwenye kitako, dole gumba likatembea juu ya ule ulaini, likatembea, likaingia kwenye bonyeo. Likatulia humo.

"Umelainisha yote," akasema, "hili umeliacha."

"Hilo si langu kuliondoa," mume wangu akajibu, vilevile alivyomjibu afande.

Kaka mtu akacheka mpaka akatoa machozi. "Shemeji, hukuambiwa? Huyu aliiangusha kwenye mwamba alipokuwa mdogo. Baba akauliza nani, nikasema mimi. Nilichapwa mpaka nikalala kifudifudi. Wakati ule huyu hakuwa na mwili wa kuzihimili zile fimbo."

Nikamtazama mume wangu. Amekaa na mimi miaka yote hii, anasugua kila kitu duniani, na alikuwa na kitu kimoja cha kutokusugua. Nilijisikia nataka kumpiga na kumbusu papo hapo.

Asubuhi ya kuwinda tulipanda kilima na mwongozaji wao, mtu wa maneno machache. Baridi ilikuwa inauma masikio. Mwongozaji akatuketisha nyuma ya mawe, akamweka kaka mtu mbele na bunduki juu ya jiwe, mume wangu ubavuni kwake. Tukakaa. Nami nikakaa kimya, jambo ambalo wanaonijua hawataliamini.

Kulungu dume akatokea ukingoni mwa msitu, pembe kama kiti kilichopinduliwa. Mwongozaji akanong'ona mahali alipo. Kaka mtu alisogeza kichwa kidogo, akasogeza tena, anatafuta. Mume wangu akamshika bega akamgeuza taratibu, kama anavyopima mlango unapoingia kwenye fremu yake. Akamwachia.

"Nimempata," kaka mtu akasema.

Mlio ukapiga mlima na kurudi. Kulungu akaruka mara moja, akaanguka palepale.

Mwongozaji aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Kaka mtu aliiweka bunduki chini kwa uangalifu, akasimama, akashika kichwa. "Nimemwona akianguka!" akapiga kelele. "Mdogo wangu, nimemwona! Kwa macho yangu haya haya, nimemwona!"

Mume wangu alikuwa analia waziwazi, mikono ikining'inia, haina cha kufanya wala haitafuti. Nami niliyekuwa nimebana pumzi tangu siku ya ile kaunta nikaiachia yote. Nilishangilia mpaka mwongozaji akanisihi ninyamaze, maana, alisema, mlima wote sasa hauna hata sungura. Sikunyamaza.