Malezi ya Watu Waliosoma

Dada yangu aliishia darasa la saba. Mimi nilisomeshwa ualimu kwa mahindi waliyolima yeye na mama, na mpaka leo sijui kwa nini niliona hilo linanipa haki ya kumfundisha kulea.

Likizo moja nilitoka kwangu Masuguru, Korogwe, nikaenda kumtembelea dada kwake Chanika, pale Handeni mjini. Kilikuwa kiangazi, maji ya shida. Binti yake wa miaka tisa alitoka kisimani na ndoo kichwani, akajikwaa mlangoni, maji yote yakamwagika. Dada alikata fimbo ya mpera akamchapa miguuni.

Nilimpokonya ile fimbo, nikaanza somo: mtoto anajifunza uoga, mtoto anaumia moyoni, semina ya walimu niliyohudhuria ilisema hivi na vile. Nilisema sana, hadi mate yakanikauka. Dada alinisikiliza mpaka mwisho.

“Kwako mtoto akimwaga maji unafungua bomba,” akasema. “Mimi nimfungulie nini?”

Nikazidi kukasirika. Nikaomba niondoke na mtoto kwa siku za likizo zilizobaki, aone malezi ya watu waliosoma. Ndivyo nilivyosema, kwa mdomo wangu huu. Dada akamfungashia nguo.

Siku ya nne akiwa kwangu, nilipokwenda sokoni, mtoto aliamua kunisaidia usafi. Alifuta kila kitu kwa kitambaa kinachochuruzika maji, pamoja na kompyuta yangu yenye maksi za darasa zima. Niliporudi ilikuwa haiwaki. Nikauliza ni nani. Hakukana. Alitoka nje, akarudi na fimbo, akanipa kwa mikono miwili, akalala kifudifudi sakafuni.

Hapo mtu mwenye stashahada angeinama amwinue. Mimi nilimchapa. Ya kwanza, ya pili. Kabla ya tatu niliitupa fimbo, maana hakuwa akilia. Alikuwa anahesabu polepole, akisubiri ziishe.

Mume wangu aliporudi kazini alinituliza: kompyuta ni kitu tu, tutanunua nyingine. Ni kweli tungenunua, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Dada alipochapa, nyumba ilikuwa imekosa maji ya kupikia. Mimi nilichapa kwa ajili ya kitu kilichoko dukani.

Nikampigia dada simu, nikamweleza bila kuficha. Nilitegemea anicheke. Akauliza kama mtoto amekula. Nikamwambia amekula.

“Mimi nikimchapa huwa chakula hakipiti,” akasema. “Na wewe umekula, mdogo wangu?”

Sikuwa nimekula.

Jumamosi alikuja kumchukua. Nilimwomba mtoto msamaha mbele ya mama yake. Dada alitazama pembeni, akasema hajawahi kuona mtu mzima akimwomba mtoto radhi, na kwamba kutazama tu kunachosha. Nilitamani kumjibu, nikajizuia, safari hii.

Lakini tukiwa stendi tunasubiri basi la Handeni, nilimsikia akimuuliza binti yake kwa sauti ya chini kama fimbo za mama mdogo ziliuma kuliko zake. Mtoto alifikiri kidogo, akasema zinalingana.

Hatukutazamana, mimi na dada, mpaka basi lilipofika.